Mstari wa Mia na Moja

Barua pepe ilifika Jumatatu asubuhi, na Marsela aliisoma akiwa amesimama jikoni, maharage yakichemka nyuma yake. Iliandikwa kwa kile Kiingereza cha kampuni, cha upole usio na mtu ndani yake. Hifadhidata yako imezidi kikomo. Mpango wa bure unaruhusu mistari elfu kumi, nawe una mistari 11,206. Baada ya siku saba hutaweza kuongeza mstari mpya. Baada ya siku thelathini hifadhidata itafungwa na kila kilichomo kitafutwa.

Ilianza kwa kumsalimu kwa jina Penina, binti wa Marsela, kwani iliingia kwenye laptopu yake.

Penina alikuwa amezikwa miezi mitano kabla ya hapo, upande wa juu wa shamba lao la Rhotia. Gari alilopanda lilisombwa na maji kwenye korongo moja kupita Engaruka, siku mvua iliponyesha milimani na huku chini jua likiwaka. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Simu yake ilikwenda na maji. Laptopu ilibaki nyumbani, kwa sababu siku hiyo alisema anakwenda kusalimia tu, haendi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa rejista ya ng'ombe. Chama kimoja cha wafugaji, kuanzia Engaresero hadi Sale, kilimwomba awatengenezee daftari la kwenye simu, ili ng'ombe akipotea au akiibiwa mwenyewe awe na ushahidi: huyu ni wangu, rangi yake hii, pembe yake hii, alama yake hii. Penina alitengeneza ukurasa, data akaziweka kwenye seva za kampuni ya ng'ambo, kwenye mpango usiolipiwa.

Marsela alikuwa na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na alikaa masjala miaka ishirini. Kazi ya binti yake aliielewa vizuri, ila kitu kimoja kilimkera tangu mwanzo.

"Kwa nini kila ng'ombe na mstari wake?" alimuuliza wakati ule, wakipukuchua mahindi. "Mwenye ng'ombe arobaini, andika arobaini. Mstari mmoja, umemaliza."

"Hawahesabiwi, mama. Ni mwiko kwao."

"Sasa mtu akimuuliza ana ng'ombe wangapi?"

"Anakwambia wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wapo tu." Penina alicheka. "Hahesabu, anawajua. Wakirudi jioni anasimama mlangoni mwa boma anawatazama, na asiyekuwepo anamwona. Mimi naandika vile wanavyowajua wao. Mmoja mmoja."

"Mistari itajaa."

"Ikijaa tutajua la kufanya."

Sasa ilikuwa imejaa, na wa kujua la kufanya alikuwa Marsela peke yake.

Kuhamia mpango wa kulipia kulishindikana, kwa sababu kampuni ilitaka kutuma namba ya siri kwenye simu ya Penina kwanza. Aliiandikia mara mbili kueleza kwamba mwenye simu amefariki. Mara zote mbili alijibiwa na mashine kwamba kwa usalama wake namba ya siri itatumwa kwenye simu ileile.

"Mwite Simon," alisema mumewe, Valeriani, Ijumaa jioni. Simon alisoma chuo kimoja na Penina, na sasa alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta Karatu mjini.

"Simon ana kazi zake. Kufuta nako kunataka fundi?"

"Mimi nasema tu. Kitu cha mtoto."

"Ndiyo maana nakifanya mimi."

Kwa miaka thelathini Valeriani alikuwa amejifunza mahali pa kukomea na mke wake.

Jumamosi baada ya chai Marsela alifungua laptopu ya Penina mezani sebuleni, mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka. Aliketi wima kama yuko kazini. Kulikuwa na majedwali matatu, na pembeni mwa kila moja idadi ya mistari yake. La kwanza, kaya: 131. La pili, ng'ombe: 4,160. La tatu, ufunguzi: 6,915. Alijumlisha kichwani, akapata zile 11,206.

Jedwali la ufunguzi alilielewa papo hapo. Kila mtu alipofungua ukurasa kwenye simu yake, mstari mmoja ulijiandika: saa ngapi, simu gani. Zilikuwa takataka tupu. Alipata amri ya kufuta kwenye daftari la karatasi la Penina, akaiandika pole pole, akabonyeza. Neno la kijani lilipita chini ya kioo, likatoweka kabla hajalisoma. Akarudi kwenye hesabu.

11,206.

Aliufungua upya ukurasa. 11,206. Akaenda kuongeza kuni, akarudi. 11,206, na pembeni mwa ufunguzi bado 6,915. Akarudia amri ileile, safari hii macho yake yakiwa chini ya kioo. Neno la kijani likasema: mistari iliyofutwa, 0.

"Imekataa," alisema peke yake.

Mtu mwingine angesimama hapo, angepiga simu. Marsela hakuwa mtu wa kusimama. Siku zilizobaki zilikuwa mbili, Jumapili ilikuwa ya kanisa, na kitu pekee cha binti yake kilichokuwa bado kinatumika duniani kilikuwa kinakaribia kuzuiwa. Takataka zikigoma kutoka, atapunguza mahali pengine. Na palipobaki ni mahali pamoja tu.

Alifungua jedwali la ng'ombe. Jina, rangi, pembe, alama, mwenyewe. Mwisho kabisa kulikuwa na safu iliyoandikwa maelezo.

Hiyo safu aliijua. Penina alimwambia kwamba humo anaandika habari za kila ng'ombe, jinsi mwenyewe anavyozisimulia na jinsi yeye anavyoona. Tangu mazishi Marsela hakuwa amesoma hata neno moja la humo. Si kwamba alisahau. Penina aliandika kama alivyosema, mdomo na mkono kitu kimoja, na Marsela alijua kwamba akisoma mstari wa kwanza atamsikia. Alikuwa amejiwekea: nikipata nguvu nitasoma. Labda Krismasi. Labda kaburi likishajengewa. Mistari elfu nne na mia moja sitini ilikuwa ikimsubiri, na kuwepo kwake ndiko kulikomwezesha kuamka na kukamua ng'ombe wake mwenyewe wawili asubuhi.

Kwa hiyo hakuwa mjinga wa kufuta bila kutunza. Palikuwa na kitufe cha kupakua. Alikibonyeza, faili likashuka, akaliona pale chini na jina lake: ng'ombe. Akalinakili kwenye flashi, na flashi akaifunga ndani ya leso. Hakulifungua. Angelifungua, angeona maelezo.

Kisha akafanya kile alichotaka kufanya tangu siku ya kupukuchua mahindi. Kwa mkulima wa Rhotia, mahindi ni magunia, hakuna anayeandika gunzi moja moja. Alitafuta mtandaoni jinsi ya kuhesabu mistari kwa kila mwenye ng'ombe, akaweka idadi kwenye jedwali la kaya. Huyu kumi na tisa. Huyu sitini na wawili. Sairowua wa Engaresero, arobaini na watatu. Kaya mia moja thelathini na moja, kila moja na namba yake, safi. Halafu akaandika amri ya kufuta jedwali la ng'ombe. Kioo kikamuuliza kama ana uhakika. Alibonyeza ndiyo akiwa anatazama mlango, kama anavyofanya akichinja kuku.

Hesabu ikabaki 11,206. Alifunga laptopu kwa hasira, akaenda kupalilia.

Jumapili walipotoka kanisani aliifungua tena kabla hajavua viatu. Mistari iliyotumika: 131.

"Baba Penina," aliita. "Njoo uone. Imekubali."

Valeriani aliinama akasoma ile namba. "Na yeye yuko wapi?"

"Nani?"

"Maandishi yake."

"Yako kwenye flashi. Yote."

"Umeyaona?"

"Nimekwambia yako kwenye flashi."

Jumatatu mapema Eunike alipiga simu kutoka Engaresero. Eunike alikuwa katibu wa chama, mama wa watoto wawili, na ndiye aliyekuwa akimtafsiria Penina kwa wazee. Kwenye msiba alikuja na wanawake sita, wakakaa siku tatu.

"Yeyo, shikamoo," alisema, akimwita mama kwa Kimaa.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri kidogo. Yeyo, kuna kitu kwenye simu zetu. Ng'ombe hawapo. Kuna namba tu."

"Ni mimi. Mistari ilijaa, nikapunguza."

"Mzee Sairowua alimwomba mtoto wake amfungulie, maana kila asubuhi anapenda asomewe alichoandika Penina. Akaonyeshwa arobaini na tatu. Ameifunika simu kwa shuka ameitoa nje ya boma. Anasema nani amemhesabia ng'ombe zake."

"Mwambie ni mama yake Penina."

"Nimemwambia. Ndiyo maana hajatukana."

Marsela karibu acheke. "Usijali. Nakala ninayo. Leo hii nawarudisha."

Alifungua leso, akachomeka flashi, akafungua faili. Ukurasa ulijaa maandishi na yeye akayaruka kwa macho, akashuka chini kutafuta mwisho. Alifika mwisho haraka mno. Akapanda juu, akashuka tena. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mia moja.

Alichukua bodaboda hadi Karatu, laptopu kifuani, flashi mkononi.

Simon alimpa kiti, akamfukuza mteja kwa adabu, akafungua faili, kisha ukurasa wa hifadhidata.

"Mama, ukurasa huu unaonyesha mistari mia kwa mara moja," alisema. "Ukitaka mingine unabonyeza mbele, unaona mia nyingine. Na kile kitufe kinapakua ulichokiona. Hakipakui jedwali zima."

"Kampuni si inatunza nakala za jana?"

"Kwa wanaolipia. Wa bure hana jana."

"Na ile hesabu? Nilifuta ufunguzi, ikabaki palepale. Nikarudia, ikaniambia sifuri."

Simon alijikuna shingo. "Sifuri ni kwa sababu mara ya kwanza ilifuta yote. Hapakuwa na kitu tena cha kufuta. Ile hesabu ya pembeni haibadiliki papo hapo, mama. Wanahesabu mara moja kwa siku. Ulikuwa unatazama namba ya jana. Nyumba ilikuwa imeshafagiliwa, ulikuwa umebaki na elfu nne na..."

"Elfu nne mia mbili tisini na moja."

"Ndiyo."

"Chini ya nusu ya kikomo."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo sikuwa na haja ya kugusa ng'ombe."

Simon alitazama kibodi. Nje mtu alikuwa akipiga honi ya gari la watalii, na mwingine akimwambia aache kelele.

"Hukuwa na haja," alisema.

Marsela alikunja leso mara nne, akaiweka kwenye mkoba, akashukuru. Simon alikataa hela, akamsindikiza hadi barabarani, akasema Penina alikuwa akiwaambia chuoni kwamba mama yake angekuwa mtaalamu wa mifumo kuliko wao wote kama angezaliwa baadaye. Alitaka kumfariji. Marsela alimwambia arudi dukani kabla hajaibiwa.

Siku hiyo, mchana kweupe, alisoma ile mistari mia. Nguvu alizokuwa akizingoja hazikuja, alisoma bila nguvu.

Mstari wa kumi na mbili: Mwekundu, pembe moja imeinama. Alinikanyaga. Mwenyewe anasema kosa ni langu, nilisimama kwenye njia yake.

Mstari wa thelathini na saba: Anatembea kama Baba akitoka kanisani, hana haraka na mtu.

Mstari wa hamsini na nane: Anakubali kukamuliwa na Eunike tu, wengine anawapiga teke. Nimejaribu. Nimepigwa.

Mstari wa themanini na moja: Mzee ananiambia huyu ana wivu. Nikamuuliza umejuaje. Akanitazama kama Mama anavyonitazama nikiuliza chumvi iko wapi.

Alisoma hadi wa mia moja, ng'ombe wa Sairowua. Keri, madoadoa meupe na meusi. Huyu ni mama, anayefuata ni mtoto wake. Nimecheka mpaka nikakaa chini kwenye mavi. Kisa chote nimekiandika kwa mtoto.

Chini ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe.

Valeriani alimkuta bado ameketi. Alisoma ule mstari wa mia juu ya bega lake, akasogeza kiti, akakaa karibu naye.

Alhamisi alisafiri. Alipanda gari hadi Mto wa Mbu, akapata lori lililokuwa likipeleka maji ya chupa kwenye kambi za watalii za Engaresero. Dereva hakumjua, na walipovuka lile korongo alimweleza, kwa nia njema, kwamba hapa kuna binti alikufa mwaka huu. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu. Marsela alisema anajua, na dereva akaendesha.

Alilala kwa Eunike. Asubuhi walikwenda kwa Sairowua kabla ng'ombe hawajatoka. Mzee alisimama penye mlango wa boma, fimbo begani, shuka jekundu limefifia kwa jua.

"Takwenya," alimsalimia.

"Iko," Marsela alijibu, kama Penina alivyomfundisha.

Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini Sairowua alisema kitu kwa Kimaa na Eunike akatafsiri. "Anasema usitoe maneno. Toa kile chombo chako uandike. Ng'ombe wana njaa."

Marsela aliketi juu ya dumu, laptopu magotini. Mti wa mlango ukaondolewa, na ng'ombe wakaanza kutoka mmoja mmoja, na mzee akawataja kila mmoja anapopita: jina, mama yake, alikotoka, pembe, alama ya sikio. Hakutafuta wala hakurudia. Eunike alitafsiri haraka na Marsela akaandika haraka, kwani kuandika haraka alikujua. Jina, rangi, pembe, alama, mwenyewe. Ng'ombe waliopotea kwa mkono wake walikuwa wakirudi mbele ya macho yake, wakiwa na vumbi na pumzi, na kwa muda aliamini kwamba labda madhara si makubwa hivyo.

Kisha akatoka mmoja wa madoadoa meupe na meusi.

"Keri," alisema Sairowua.

Marsela aliacha kuandika. "Mwulize mtoto wake yuko wapi. Anayemfuata."

Eunike aliuliza. "Anasema alikufa kiangazi. Alikuwa ndama wa mwaka mmoja."

"Mwulize kisa chao ni nini. Penina aliandika kwamba alicheka mpaka akakaa chini."

Walizungumza kwa muda, mzee akionyesha kwa fimbo pale ndani ya boma, kisha akitikisa kichwa. Eunike naye aliongeza yake, wakabishana kidogo.

"Anasema kweli alicheka. Mimi pia nilikuwepo. Alikuwa amesimama pale, anawatazama hao wawili, akaanza kucheka peke yake. Tukamuuliza kuna nini. Akasema subirini niandike kwanza, nisije nikaharibu nikisimulia." Eunike alifuta jasho la pua. "Halafu tukaitwa kwenye kikao. Sisi hatukuona kitu, yeyo. Kwetu walikuwa ng'ombe tu."

Sairowua alikuwa akimtazama Marsela. Aliuliza kitu kifupi.

"Anasema," Eunike alisema, na sauti yake ikashuka, "hicho kisa hakuwahi kusomewa, mtoto wake alikuwa anamsomea ng'ombe wachache tu kila asubuhi. Anauliza Penina aliandika nini."

Ng'ombe mwingine alikuwa tayari mlangoni, akisukumwa na wenzake wa nyuma.

"Mwambie sijui," Marsela alisema. "Mwambie nilikaa nayo miezi mitano na sikuyasoma. Halafu nikayafuta."

Eunike alimgeukia.

"Mwambie hivyohivyo. Usinitengenezee."

Eunike alimwambia. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Aliweka mkono juu ya mgongo wa Keri, akauacha hapo mpaka ng'ombe akamaliza kupita, hadi mkia, kisha akanyoosha fimbo kwa anayefuata na kutaja jina lake.

Marsela aliandika jina. Aliandika rangi, pembe, alama, mwenyewe. Alipofika kwenye maelezo aliiacha ile safu wazi, akashuka mstari mwingine, kwa sababu ng'ombe walikuwa bado wanatoka.